Mji Uliojaa Sura Moja

Hosteli ya Walimu,
Jumapili alasiri.

Kwako Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka moyoni, hata kama leo moyo wenyewe hauko mahali pake. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepunguza ubishi. Usikanyage cherehani kutwa nzima. Mwachie yule binti unayemfundisha kazi ashone mapindo, wewe ukate tu, maana mkasi hauumizi goti. Mimi kwa upande wa afya sijambo. Chakula cha hapa si kibaya, ingawa mpishi wetu ana ugomvi na chumvi. Leo anaimwaga, kesho anaisusia.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo, na juzi tu tulizungumza ukanicheka kwa kulalamikia bei ya uzi kana kwamba mimi ndiye fundi. Nimejaribu kupiga, Dada. Nimeitafuta namba yako, nimeitazama, nikaiweka simu kifudifudi mezani. Kuna maneno yakipita kwenye simu yanakatika katikati, na haya sitaki yakatike. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na uisome peke yako kwanza. Shemeji atasubiri.

Kazi iliyonileta huku, ya kusahihisha mitihani, imekwenda mbele kuliko tulivyotarajia, na Ijumaa msimamizi wetu akatuambia tupumzike kesho yake. Wenzangu wakapanga kwenda kununua nguo. Mimi unanijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukinituma sukari nikarudi jua limeshuka kwa sababu nilisimama mbele ya duka la kinyozi nikitazama vichwa vilivyochorwa ukutani. Ulizoea kusema picha hailiwi wala haivaliwi, lakini ni wewe huyohuyo uliyekuwa ukiomba kalenda za zamani kwa wateja wako ili nipate kuzibandika juu ya kitanda. Basi nilijitengea siku nzima ya kutazama picha, bila mtu wa kunivuta mkono kuniambia twende.

Nilianza na jumba kubwa la sanaa, lile lenye ngazi pana na nguzo mbele. Ndani kuna baridi na kimya, na sakafu inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga. Nilikaa sana mbele ya picha ndogo ya viatu vya mwanamume chini ya kitanda, kimoja kimesimama na kingine kimelala ubavu. Mlinzi alinisogelea akaniuliza nimepoteza nini pale. Nikamwambia sijapoteza, ndiyo kwanza naokota. Alicheka, akaniambia kwamba yeye amesimama karibu na viatu hivyo mwaka mzima na bado hajajua mwenyewe ameenda wapi.

Kutoka hapo nikapita mtaa wa watengeneza fremu. Mtaa mzima unanuka gundi na mbao mbichi, na fremu tupu zimetundikwa nje, kwa hiyo kila anayepita nyuma yake anakuwa picha kwa nukta moja halafu anatoka. Nilifurahi kama mtoto. Nilijiambia nikirudi nitakusimulia, nawe utasema nimepata wazimu wa kukodi. Mwisho wa mtaa kuna nyumba ya zamani ya ghorofa moja, madirisha yake marefu, na kibao mlangoni kinachosema picha zinaonyeshwa na kuuzwa. Niliingia kwa sababu jua lilikuwa kali. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine ya kukupa.

Chumba cha kwanza kilikuwa na picha za mashua na maua, za kupendeza wageni. Nikaingia cha pili. Dada, ukutani nilikukuta wewe.

Sisemi mtu anayefanana nawe. Nasema wewe, umekaa kwenye kiti kifupi kando ya jiko, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine kama unavyofanya ukichoka, midomo imefungwa kwa ile namna yako ya kuzuia neno. Juu ya jiko kuna sufuria. Chini ya picha pameandikwa: *Anasubiri maji yachemke.* Na kidole chako kidogo kimepinda kuelekea wenzake, kama chako, kama changu, kile ulichokuwa ukiniambia nikikunjue mbele ya watu wasikione.

Nilianza kucheka peke yangu. Nilifikiri uliwahi kupita huku zamani ukachorwa ukanificha, na nikawa tayari natunga maneno ya kukutania. Nikamwita msimamizi wa nyumba ile, kijana mmoja mtaratibu mwenye miwani, nikamwuliza walimlipa nini dada yangu mpaka akakubali kukaa kimya muda wote huo. Yule kijana hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba huenda nimefananisha, kwa sababu mama aliyechorwa pale alikuwa mtu mzima sana na alifariki mwaka jana. Nikamjibu haiwezekani, nimezungumza naye juzi kuhusu bei ya uzi. Akanitazama usoni, akaitazama picha, akanitazama tena. Kisha akaniomba nikae, akatoka uani, nikamsikia akimwita mtu.

Aliyekuja ni mchoraji mwenyewe. Ni mama aliyefikia umri wa bibi, mnene, mwenye mvi zilizokatwa fupi na rangi ya samawati kwenye kucha, na alikuwa akilaani ngazi kila anaposhuka moja. Aliniamuru, hata salamu bado, nimpe mkono wangu wa kushoto. Nikampa. Akakishika kidole changu kidogo kama fundi saa anavyoshika mshale wa saa, akakigeuza, halafu akakaa kwenye benchi. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Wewe ni yupi? Mkubwa au mdogo?"

Nikamwambia mimi ni mdogo.

Akasema, "Basi mama yako alikuwa sahihi. Alisema ninyi wawili mkipita mbele ya picha hamtaweza kupita."

Nilimjibu kwa adabu kwamba amekosea, kwamba mama yangu alifariki siku aliyonizaa. Nilisema kama ninavyosema siku zote, haraka, nikitazama chini. Yule mama hakubishana nami. Aliomba kijana alete maji ya kunywa, na nilipomaliza kunywa akaniambia polepole kwamba mwanamke aliyekuwa rafiki yake, aliyekuwa akikaa ili achorwe na nusu ya wachoraji wa mji huu, alikuwa na mabinti wawili. Akanitajia kazi ya baba, kuendesha mitambo ya barabara. Akanitajia nyumba yetu ya kwanza, ile ambayo mimi siijui ila kwa maneno yako, yenye tangi la maji lililovuja upande. Akalitaja jina lako kamili, na lile la utani ambalo nilidhani ni mimi tu ninayelijua.

Dada, sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lakini nilishikilia kingo zake kama mtu aliye juu ya kitu kinachokwenda mbio.

Alinisimulia kwamba alipokuwa msichana aliajiriwa kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili kila wiki, kuwafundisha wagonjwa kuchora ili wapoze mawazo. Wengi walichora. Mama yetu hakuchora, alikaa tu karibu na dirisha bila kutikisika, basi mwalimu akamchora yeye. Aliletwa pale na mumewe miezi michache baada ya kujifungua. Hakuwa akilala. Alikuwa akisikia mtoto analia hata mtoto akiwa amenyamaza, na siku moja alimwacha sokoni juu ya meza ya mwuza vitunguu, akatembea mpaka miguu ikatoka damu. Mtoto huyo ni mimi. Mwanzoni baba alikuja kumwona. Kisha akahamishwa kazi, nasi tukahamia mji ambao hapakuwa na mtu aliyetufahamu, na hakuja tena. Akapona, Dada. Ilichukua muda, lakini akapona, na hakuna mtu aliyefika kumchukua. Rafiki yake mchoraji ndiye aliyemtafutia chumba na kazi hiyo ya kukaa kimya, ambayo alikuwa ameifanya bure muda mrefu.

Nadhani yule mama aliona kwamba nikibaki pale ndani nitaanguka, kwa sababu alichukua kofia yake ya majani akasema twende. Nikamwuliza wapi. Akasema, "Kumtazama. Yupo kila mahali." Akaongeza kwamba mimi nitembee mbele ili nikizimia nianguke juu ya kitu laini. Ni mtu wa masihara. Alinieleza kwamba maisha yake yote amepata riziki kwa kuchora wakubwa wenye vitambi, mpaka sasa anaweza kutambua cheo cha mtu kwa tumbo bila kuona uso, na kwamba mama yetu ndiye alikuwa likizo yake.

Tulikwenda kwanza posta. Unajua ukumbi wa posta ulivyo, watu wamepanga foleni, wanatazama visigino vya waliotangulia. Ukuta mzima wa nyuma ya madirisha ya kulipia una picha ya watu wakivuna, ambayo nilikuwa nimeiona Jumatatu nikinunua stempu na nikaisifu kwa mwenzangu, nikasema aliyechora yule mama wa kulia anajua mikono. Ndiye yeye. Ameshika mtoto, na uso wa mtoto umefichwa kifuani mwake, unaonekana kisogo tu. Mchoraji alinieleza kwamba waliokuwa wakichora ukuta ule walitaka mtoto atazame mbele, apendeze, na walikuwa wameshapata mtoto wa jirani wa kumwiga. Mama akakataa. Aliwaambia, "Sura ya wangu siikumbuki vizuri. Mkinichorea ya mwingine nitaizoea hiyo."

Nilisimama kwenye foleni ile ya posta bila shida yoyote ya posta, nikilia, na mzee mmoja mwenye kifurushi akanipisha mbele yake akidhani nimepata habari mbaya ya simu.

Kutoka posta tukatembea hadi bustani ya maktaba. Mle kuna sanamu ya shaba ya mwanamke anayesoma kitabu, ukubwa wa mtu halisi, amekaa kwenye benchi la saruji. Watoto wanampenda. Wanapanda mapajani mwake, na kwa sababu hiyo mapaja yamesuguliwa yanang'aa wakati mabega yamebaki meusi. Tulipofika palikuwa na msichana mdogo amekaa mapajani mwake anakula karanga, akimwambia mama yake mzazi kwamba hashuki ng'o. Nilisubiri zamu yangu. Fikiria hilo, Dada, nilisubiri zamu. Mtoto alipoondoka nikakaa kando ya sanamu nikaushika mkono ulioshika kitabu. Shaba ilikuwa na joto la jua. Kidole kimepinda. Mchoraji akasema kwamba mchongaji, bwana mmoja mwenye majivuno, alikinyoosha kwenye udongo kabla ya kumimina shaba kwa kuwa aliona kinaharibu mkono, na kwamba mama, ambaye hakuwahi kumwinulia mtu sauti, alisimama akamwambia akirudishe kilivyokuwa au atafute mwanamke mwingine. Alimwambia kuna watu wawili duniani wanaokijua.

Sitakuchosha na sehemu zote. Yupo kwenye ukuta wa zahanati, akimpima mtoto joto. Yupo juu ya mlango wa duka la vitabu, sura ya ubavu. Yupo kwenye dari la jumba la michezo ya kuigiza, ambako inabidi ulale chali kwenye viti ili umwone, nasi tulilala chali, mimi na yule bibi mnene, mfagiaji akitushangaa. Mahali pengine ni kijana, nyumba inayofuata ni mzee, nikamwona anazeeka na kurudi ujana mara nyingi kwa alasiri moja. Mji mzima unamjua. Watu hununua stempu mbele yake na kula karanga mapajani mwake. Sisi wawili tu ndio tulioachwa.

Sasa nimefika mahali ambapo nilikuwa nikipaogopa tangu nilipoandika jina lako juu ya karatasi hii.

Jua lilipoanza kupoa mchoraji alinipeleka nyumbani kwake. Ni chumba kikubwa juu ya karakana ya fremu, kina dirisha la paa, na turubai zake za kuchorea zimeegemezwa ukutani kama watu walionuniana. Alinionyesha kitanda karibu na dirisha. Mama alilala hapo miezi yake ya mwisho, kifua kikimsumbua, kwa sababu chumba chake mwenyewe kilikuwa na unyevu. Alinionyesha kikombe chake. Kisha akavua kofia, akaniuliza kama dada yangu bado yu hai, kama ni mtu mwema kwangu. Nikamwambia wewe ndiye uliyenilea. Nikamwambia uliacha shule kwa ajili yangu, ulishona sare za watoto wa watu ili mimi nivae yangu. Akasema vizuri, basi anaweza kunionyesha.

Picha yenyewe ni ndogo, kama sinia la chai. Mama alimwomba amchoree alipokuwa kitandani, yeye akieleza na mwenzake akichora, na kila rangi ilipokuwa si ile alisema si ile, mpaka ikawa. Ni geti la kijani lenye rangi iliyobanduka. Ni geti letu, Dada. Msichana amesimama katikati, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, na mkono mmoja uko kwenye komeo. Nyuma yake, kwenye njia, anakuja mtoto amebeba kikombe kwa mikono miwili, amekiinamia asimwage, kwa hiyo uso wake hauonekani.

Mchoraji alimwuliza mama yule msichana wa getini ampe sura ya nani. Mama akamwambia, "Nichore mimi nilivyokuwa. Yule mkubwa alichukua sura yangu yote, hakuniachia hata pua."

Kwa hiyo najua. Najua kwamba alikuja. Alimtafuta baba kupitia ofisi za barabara, akafika siku ambayo baba alikuwa kambini, na wewe ndiye uliyefungua. Najua alikuja na viatu vyekundu, vile nilivyovivaa mpaka vidole vikatokeza mbele, ambavyo uliniambia umevipata kwa mteja. Ninayajua hata maneno yako, maana mama aliyahifadhi akayarudia kwa rafiki yake bila kuyaongeza chumvi: ulimwambia nimeacha kuuliza, nikishtuka usiku nakuita wewe, akinichukua wewe utabaki na nini, na akiugua tena mimi nitabaki na nani. Akaomba anione tu. Nawe ukaniita, ukasema nimletee mgeni maji. Nikayaleta. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akasema ahsante mama, akaondoka, akakuahidi hatarudi.

Nimekaa jana na leo nikijikamua kichwa. Sikumbuki. Nakumbuka viatu, mlio wa geti, harufu ya ile sabuni ya miche, lakini mgeni simkumbuki. Nimeonana na mama yangu, Dada, nimempa maji, naye akaniita mama, na sina hata kivuli chake.

Nimekasirika. Sitakuficha, kwa sababu hukunilea niwe mnafiki. Sikasiriki kwa siku ile. Siku ile ulikuwa mtoto mwenye mtoto. Baba alikuwa ameujenga uongo tayari, akaondoka zake kambini, akakuachia wewe ufunguo. Nikiwa na umri wako ule, pengine ningefunga geti kwa nguvu zaidi. Ninachokasirikia ni siku zilizofuata. Wewe peke yako ndiye niliyekuambia kwa nini nilimrudishia mchumba wangu pete. Nilikuambia naogopa kuzaa, kwamba aliyemuua mama yake kwa kuzaliwa hana haki ya kujaribu bahati mara ya pili. Ulinishika mkono. Ulinishika mkono mpaka nikalala, na hukusema kitu. Ungesema neno moja tu, kwamba sikumuua. Hata kama usingesema yuko wapi. Mimi nimefikia umri ambao maji yameshamwagika, na yule bwana ana wanawe wakubwa sasa.

Nimeandika barua hii mara kadhaa leo, na zile za kwanza nimezichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mtu hawezi kuyafuata nyuma akayarudisha. Hii nimeiacha. Ndani yake kuna hasira, na kuna mengine pia. Nilipokuwa nikisoma usoni mwa mama pale ukutani, kabla sijajua ni nani, nilichokiona ni uchovu wako. Nilikupenda pale kabla ya kujua lolote, na upendo huo haujaondoka. Umekaa tu upande wa pili wa chumba, haunisogelei.

Mama hakukulaumu. Nilimwuliza mchoraji mara mbili, kwa kuwa nilitaka aseme vingine, na akanijibu vilevile. Alikuwa akisema, "Siku ile binti yangu alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyeiacha siku moja ikawa miaka." Alikuwa akijiambia kila mwaka kwamba mwaka ujao ataandika, na kila mwaka akaona mmeshazoea, mmetulia, afadhali asiwatibue. Ninyi wawili mlinihifadhi kila mmoja kwa upande wake, mpaka nikakosa pande zote.

Mchoraji alitaka nichukue ile picha ya geti. Nimeikataa. Nimemwambia aiweke, wewe mwenyewe unaweza kuja kuichukua, au usije. Mimi nitabaki hapa wiki hii na ijayo. Ukipenda kuja, panda basi la asubuhi, nami nitakupokea kituoni, nitakupeleka makaburini ambako marafiki zake walimzika vizuri, kisha tutakwenda posta na maktaba. Usiandae maelezo njiani. Njoo tu. Usipoweza kwa sababu ya goti, au kwa sababu nyingine, nitarudi nyumbani kazi ikiisha, na nitakula chakula chako kama kawaida, ila itabidi univumilie ukimya wangu kwa muda.

Kuna jambo moja dogo limebaki. Nilipokuwa nikiaga jana, yule mama mchoraji aliniteremsha mpaka chini, ngazi zote, na goti lake baya kuliko lako. Mlangoni akanishika mikono yote miwili akaniambia, "Pole, mwanangu, kwa kufiwa na mama." Ni mara yangu ya kwanza kuambiwa. Nikiwa shule nilikuwa nikiwaona wenzangu waliofiwa wakipewa pole na kila mtu, nami niliamini ya kwangu haipo, kwa kuwa aliyesababisha msiba hapewi pole. Nimetembea nayo mpaka hosteli kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Usiku ndipo nilipofikiri kwamba na wewe hakuna aliyekupa, wala hukuweza kumwomba mtu yeyote.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na waambie mama mdogo anawakumbuka. Nisalimie binti wa cherehani na majirani wanaoniulizia.

Pole, Dada. Mama yetu amefariki.

Ni mimi,
Mdogo wako.